Saruji Katika Kuta za Mji Mkongwe

Kanisa la Anglikana la Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi wake. Ndani zipo nguzo zilizowekwa juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza Askofu akiwa safarini. Wageni huzicheka, lakini kosa hilo angalau halijabomoa kitu.

Kinachobomoa ni saruji. Majengo mengi ya Mji Mkongwe, yawe makanisa, misikiti au nyumba, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe hilo hunywa unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake, na lipu ya chokaa huuachia utoke. Saruji huuziba. Maji hupanda ndani kwa ndani, hulainisha chokaa ya katikati, huozesha vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Nje ukuta unang'aa. Ukigongwa unalia kama debe tupu. Masika mawili matatu yakipita, bamba zima la lipu huanguka na kuondoka na uso wa jiwe.

Baadhi ya majengo hayo hujulikana kwa minara yake. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, la miaka ya 1890, wenyeji huliita Minara Miwili. Huonekana tangu baharini, ila mtu aliye vichochoroni huweza kulizunguka asilione. Mtaa wa Malindi kuna msikiti wenye mnara wa umbo la pia, jambo adimu pwani.

Lakini misikiti mingi ya mjini haina mnara. Mtu huenda sokoni na kurudi akiipita kama nyumba za majirani, na hiyo ndiyo inayoumia zaidi. Birika la udhu linavuja, bomba haliguswi. Ramadhani ikikaribia huletwa mifuko miwili ya saruji, doa likafunikwa, juu ikapigwa rangi ya mafuta, watu wakashukuru. Mwaka wa pili doa limehamia dirishani, na saruji inaletwa tena! Kisingizio ni kilekile, kwamba chokaa inachelewa. Inachelewa kweli, lakini ndiyo iliyozishika kuta hizo muda wote huo.

Tiba huanzia kwenye bomba na mfereji wa paa. Kisha saruji hubanduliwa, ukuta ukaachwa wazi mpaka ukauke, ndipo chokaa hupigwa kwa matabaka membamba, kila moja likifunikwa magunia yaliyolowa lisipasuke kwa jua.