Bima ninayo, haijaisha hata



Majuzi nilikuwa Makongolosi, wilayani Chunya. Kwenye njia ya machimboni nilikuta pikapu iliyoungua, imebaki bodi na rimu. Mwenyewe alisimama kando na karatasi aliyowahi kuichomoa kabla moto haujamfikia.

"Mzee, bima ninayo," akaniambia. "Haijaisha hata."

Nikaisoma. Ilikuwa hai kweli, lakini ilikuwa bima ndogo.

Wengi wetu tunakata hiyo kwa sababu trafiki ataiulizia. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka mwenye gari awe na kinga kwa ajili ya mtu mwingine atakayemwumiza barabarani. Gari lako mwenyewe likiteketea, bima hiyo haina habari nalo. Linalipwa kwa bima kubwa, au kwa ile ya katikati inayoongeza moto na wizi, ambayo mimi sijapata kumsikia wakala akiitaja mpaka aulizwe.

Na bima kubwa nayo ina masharti. Pikapu imeandikishwa "matumizi binafsi", asubuhi inabeba abiria wa nauli, mchana madumu ya petroli ya mashine za machimboni. Moto ukizuka, mkaguzi atauliza siku hiyo gari lilikuwa kwenye kazi gani. Kama si iliyoandikwa kwenye fomu, madai yanaweza kukataliwa, na hapo siilaumu kampuni. Nailaumu inapompa mtu mkataba wa Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi, ikategemea ameuelewa.

Tazama thamani pia. Gari la shilingi milioni 12 sokoni ukiliandikisha kwa milioni 20, usitegemee 20, umelipia hewa. Ukiliandikisha kwa 8 ili upunguze ada, usitegemee 12.

Likiungua, toa taarifa polisi na kwenye kampuni mara moja, kwa maandishi, wala usiliondoe kabla halijakaguliwa, labda kama linaziba njia. Kampuni ikikuzungusha, sheria ya bima ya mwaka 2009 ilimweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Yule ndugu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na nikikata kubwa kesho?"

Nikamwambia inakatiwa gari, haikatiwi majivu. Akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akainama kufungua rimu.