SULISULI, SAMAKI MWENYE TANGA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Jambo nililolichagua ni habari ya samaki mmoja wa bahari yetu, naye ni sulisuli. Huenda mtu akauliza, karani ana shughuli gani na samaki wa maji makuu? Namwomba astahimili kidogo, maana habari ya samaki huyu imeingiliana na kazi ya kalamu kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza nitasema juu ya umbo lake. Sulisuli ana mwili mrefu uliobanwa mbavuni, mfano wa ubao uliosimamishwa kwa ukingo wake. Mgongo ni wa buluu iliyoiva, karibu na weusi, na tumbo hung'aa kama fedha. Mbavuni mna mistari ipatayo 20 ya vitone vya buluu hafifu, ishukayo toka juu hata chini. Taya lake la juu limerefuka likawa kama upanga mwembamba, nao una vijino vidogo vidogo vyenye kukwaruza. Juu ya mgongo lipo pezi kubwa lenye madoa meusi, ambalo kimo chake chapita kimo cha mwili wenyewe. Hilo ndilo tanga. Akienda mbio hulikunja, likalala ndani ya mfereji ulio mgongoni, akiwinda hulitweka. Aliye mkubwa sana aweza kupita mita 3 kwa urefu na kufikia kilo 100 kwa uzito, ingawa aghalabu huwa mdogo kuliko hapo. Asichanganywe na nduaro, jamaa yake aliye mnene, ambaye pezi lake halina kimo hicho.

Makao yake ni bahari zenye joto: Bahari ya Hindi, Pasifiki na Atlantiki. Hupenda tabaka la juu la maji, mahali palipo na mwanga na vuguvugu, na mara nyingi huonekana pale ambapo sakafu ya bahari yashuka ghafula. Katika pwani ya Kenya, wavuvi wa Malindi na Watamu humtazamia zaidi wakati wa kaskazi. Chakula chake ni dagaa na samaki wengine wadogo, pamoja na ngisi. Jike hutaga mayai kwa mamilioni, na mtoto aliyesalimika hukua upesi ajabu, hata mwaka wake wa kwanza haujaisha amekwisha pita mita moja. Tena karibu na macho yake upo msuli wa namna ya pekee ambao kazi yake ni kutoa joto, macho na ubongo visipoe. Kwa hiyo huona upesi windo linapogeuka.

Sasa nafika kwenye sifa yake iliyo kubwa, nayo ni mbio. Vitabu vingi vimeandika kwamba sulisuli hupita samaki wote kwa mbio, na kwamba huenda kilomita 110 kwa saa. Hesabu hii ilitoka wapi? Ilitoka katika kambi ya wavuvi wa mshipi huko Long Key, katika jimbo la Florida, Marekani, miaka ya 1920. Samaki alinasa, akavuta yadi 100 za mshipi, yaani kama mita 91, kwa muda wa sekunde 3. Mtu akagawanya, akapata jawabu. Walakini mshipi utokao kwenye gurudumu si kipimo cha kweli cha mwendo wa samaki: huenda ukapinda majini, na samaki mwenye kuumizwa na ndoana hurukaruka nje ya maji. Hata hivyo jawabu lile likanakiliwa kitabu hata kitabu, kwa miaka mingi.

Hatimaye wataalamu walipima tena. Walitumia picha za haraka na vyombo vidogo vilivyofungwa juu ya samaki mwenyewe, na wengine wakapima upesi wa kujikunja kwa misuli yake. Majibu yalitangazwa mwaka 2015 na 2016, nayo yalipatana: mwendo wake mkubwa ni kama mita 8 kwa sekunde, yaani kilomita 30 kwa saa. Kati ya samaki wanne wakubwa waliopimwa pamoja mwaka 2016, sulisuli alikuwa wa kwanza, akiwapita mzia na faulu. Basi mbio anazo, ila ni chini ya theluthi moja ya zile alizoandikiwa.

Ikiwa ndivyo, riziki huipataje? Picha zilizopigwa karibu na pwani ya Meksiko zimetuonyesha. Sulisuli hukusanyika, pengine kupata 40, wakazunguka kundi la dagaa mpaka likasongamana kama mpira. Hapo hawalivamii wote kwa pamoja. Hutoka mmoja, akatweka tanga lake ili kichwa kisiyumbe, akapenyeza upanga wake polepole katikati ya dagaa, nao wasishtuke. Kisha hupiga kwa ubavu wa upanga, kushoto au kulia, kwa upesi usioweza kukwepwa. Akimaliza humpisha mwenzake, na mwenzake hali kadhalika. Kama wote wangeingia mara moja, mapanga yale yangeweza kujeruhi wenyewe. Utafiti wa mwaka 2024 juu ya jamaa yao mmoja mwenye mistari umeonyesha kwamba mistari ya yule anayeshambulia hung'aa, kisha hufifia amalizapo, na huenda ndiyo ishara ya zamu.

Katika mashambulizi manne, matatu hivi hayaleti chakula. Lakini karibu kila pigo huacha dagaa wenye majeraha na magamba yaliyobanduka, na kadiri majeruhi wazidivyo ndivyo ashambuliaye baadaye apatavyo kwa urahisi. Kwa hiyo aliyekosa amemfanyia kazi ajaye nyuma yake. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Tena mwaka 2017 iligunduliwa kwamba kila sulisuli ana upande aupendao: huyu hupiga kulia, yule kushoto. Angewinda peke yake, dagaa wangeujua upande wake wakamkwepa. Lakini wakiwa wengi wa namna zote mbili, dagaa hawajui pigo litatoka wapi.

Mabibi na mabwana, methali ile ya gogo yawageukia sulisuli wenyewe. Sehemu kubwa ya sulisuli wanaovuliwa katika Bahari ya Hindi hunaswa kwa jarife, hasa katika nchi za kaskazini ya bahari hii, na wengi hunaswa ilhali wavuvi walikuwa wakitafuta jodari. Mwaka 2018 Tume ya Jodari wa Bahari ya Hindi, yenye makao yake Seychelles, iliagiza kwamba mavuno ya sulisuli yasizidi tani 25,000 kwa mwaka, na kwamba asiyefikia sentimita 60, toka ncha ya taya la chini hata panda ya mkia, asihifadhiwe chomboni. Hata baada ya agizo hilo, hesabu za Tume zimeonyesha mavuno yaliyopita kikomo.

Hapa ndipo kalamu inapoingia. Katika bandari nyingi sulisuli na nduaro wa kila namna wamezoea kuandikwa pamoja chini ya kichwa kimoja, kana kwamba ni samaki mmoja. Daftari la namna hiyo laweza kuficha upungufu wa mmoja ndani ya wingi wa mwingine, na kikomo kisichoweza kuhesabiwa hakimzuii mtu. Yule karani wa ufukoni, mwenye mizani yake na kalamu yake, akitenganisha safu mbili badala ya kuandika moja, amefanya kazi ambayo baraza lote la Seychelles haliwezi kuifanya kwa niaba yake.

Kilomita 110 zile zilidumu karibu miaka 90 kwa sababu kila mwandishi alimwamini aliyemtangulia. Kwa mbio, kosa hilo halikumdhuru samaki. Kwa tani, litamdhuru, na baada yake mvuvi, na baada ya mvuvi watoto wake. Basi kila tunapoletewa tarakimu ili tuinakili, na tuulize kwanza: ni nani aliyepima, na kwa kipimo gani?