AKIBA NDANI YA MSHONO
Maneno ya Mwenyekiti, siku ya kutimiza miaka 10



Mnajua gauni letu la kwanza la kukodisha lilivyotuaibisha. Tulilishona kipande kimoja, mishono tukaikata karibu na uzi. Bibi harusi wa pili halikumfunga mgongoni, na hela ya kikundi ikalala kabatini.

Ndipo mwalimu wetu wa ushonaji akatuletea picha za magauni ya harusi ya Uingereza ya miaka ya 1890, ya hariri. Mengi yalikuwa vipande viwili, blauzi ya kubana na sketi. Blauzi ilitiwa bitana ya pamba, na kwenye mishono yake vijiti vyembamba vya chuma, au vya kutoka kinywani mwa nyangumi, ili isijikunje. Mikono ilivimba begani kama puto, hasa mwaka 1895. Hiyo hatuiigi, inakula kitambaa mno! Lakini ndani ya mishono fundi aliacha kitambaa cha akiba. Mwenye gauni akinenepa, linafumuliwa, linapanuliwa, analivaa kwenye shughuli nyingine.

Hariri nayo ilikuwa na hila. Ikichemshwa kuondoa gundi yake ya asili hupungua uzito, basi watia rangi wakaurudishia kwa chumvi za madini ya bati. Kitambaa kikawa kizito mkononi, baadaye kikachanika chenyewe kabatini. Kwa hiyo dukani tusidanganywe na uzito.

Gauni jipya tumelikata vipande viwili, tukaacha inchi moja kila mshono. Liko pale mezani, njooni mlipindue mlione ndani.