Paa Likiezuliwa na Upepo, Usingoje Ukuta Uanguke

Maneno kwa wakazi wa Lobule (Koboko), na wa Imvepi na Rhino Camp (upande wa Arua)



Msimu wa mvua hapa West Nile huleta upepo mkali. Nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi na nyasi. Paa likiondoka, ukuta unalowa, na mvua zikizidi unaanguka. Kurudisha paa ni kazi ya siku chache. Kujenga ukuta upya ni kazi ya kiangazi kizima.

Je, mwenye nyumba anaruhusiwa kuitengeneza mwenyewe, au ni lazima angoje shirika?

Unaruhusiwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, inakubali kwamba ardhi uliyogawiwa ni ya matumizi yako na jamaa yako. Kinachokatazwa ni kuiuza au kuikodisha. Kurudisha paa lako mahali pake si kuuza, wala si kosa.

Lakini haki hiyo ina mipaka yake:

1. Ukitaka kuhamisha nyumba au kuvuka mpaka wa kiwanja, kwanza mwone komandanti wa Ofisi ya Waziri Mkuu.

2. Nyasi na miti ya nje ya kiwanja ina wenyewe. Ardhi ya West Nile kwa kawaida ni ya ukoo. Zungumza na wenyeji kabla ya kukata. Ugomvi wa mti mmoja unaweza kuharibu ujirani wa miaka.

3. Kabla ya kubomoa, mwite mwenyekiti wenu wa RWC aone uharibifu na auandike. Ukishatengeneza, hakuna atakayejua upepo ulifanya nini.

Sasa kazi yenyewe. Funika kwanza kichwa cha ukuta. Turubai la UNHCR lina mita 4 kwa 5. Lilaze juu ya ukuta na ulifunge vizuri, usilitandike chini. Ukuta ukiwa na ufa mkubwa au umeinama, watoto wasilale ndani.

Unapoezeka upya, kumbuka kwamba upepo huingia chini ya paa na kulinyanyua. Kwa hiyo funga kila pao kwenye boriti kwa waya au kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na boriti nayo ifungwe kwenye ukuta, matofali kadhaa chini ya kichwa chake. Paa liwe na mteremko mkali ili maji yasikae kwenye nyasi. Chimba mfereji kuzunguka nyumba.

Wako wasioweza kupanda juu ya paa: wazee, wagonjwa, walemavu, mama aliye peke yake na watoto wadogo. Haki ya kujitengenezea isiwe sababu ya kuwaacha. Majina yao yapelekwe kwa RWC na shirika mapema, na vijana wa kila kijiji waanze na nyumba zao.