Ghorofa Mpya na Kodi ya Mwaka
Mwenye kutaka makazi katika maghorofa mapya ya Kariakoo au Upanga, hapa Dar es Salaam, ambako harufu ya rangi ingali ukutani na lifti, inshallah, itakuja, aghalabu hutakiwa atangulize kodi ya miezi sita, ama mwaka mzima, na juu yake ujira wa dalali, ambao kwa ada ni kodi ya mwezi mmoja, ilhali mshahara wake huja mwezi kwa mwezi. La ajabu, mtu huyo aliyekwisha kutoa mali yote hiyo huona haya kufungua bomba mbele ya mwenye nyumba, au kuuliza iwapo mita ya umeme ya LUKU ni yake peke yake. Basi, msikilizaji, usitie saini mkataba kabla hujayaona maji yakitoka, tena katika ghorofa ile ile utakayokaa.