Kusoma na Kukumbuka: Tatizo la Kunakili Noti Katika Madarasa ya Kisenyi

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu na wazazi, Kisenyi, Kampala



Nimeombwa nianze kwa kueleza kumbukumbu ni nini. Wengi wenu mmepita chuo cha ualimu, kwa hiyo nitakwenda mbio. Habari huingia akilini, hutunzwa, kisha huitwa irudi. Tunachoweza kushika kwa wakati mmoja ni kidogo: George Miller, mwaka 1956, alitaja vitu kama saba, waliomfuata wakashuka hadi vinne. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Craik na Lockhart, 1972, wakaeleza kuwa jambo tulilofikiri maana yake hukaa kuliko lile tuliloliangalia umbo tu. Basi, fasili zimekwisha.

Kilichonileta hapa ni kunakili noti.

Ingia darasa la mtaa huu saa nane mchana. Mwalimu anajaza ubao usanisinuru, anafuta upande wa kushoto kabla walio nyuma hawajamaliza, watoto wanakimbizana na chaki. Niliwahi kusimama kwa msichana wa darasa la sita (P.6) mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mistari kwa rula. Nikafunika ukurasa kwa kiganja, nikamwuliza mmea unachukua nini hewani. Akajaribu kukiinua kiganja changu.

Jioni watoto wengi kama yeye huenda dugsi, yaani madrasa ya Kurani. Kule hakuna anayekagua daftari. Mtoto anakaa mbele ya mwalimu, anatoa kwa moyo alichopewa jana, akikosea anarudishwa, na ya nyuma yanapitiwa kabla hajapewa jipya. Kujipima bila kutazama na kurudia kwa vipindi: ndizo mbinu mbili ambazo John Dunlosky na wenzake, mwaka 2013, waliziweka juu kabisa kati ya kumi walizozipima. Kusoma tena na tena na kupigia mistari ziliangukia chini. (Masheikh watanisamehe: dugsi mara nyingi huacha maana kwa baadaye, na sitaki sayansi ifundishwe hivyo.)

Kuhusu kujipima, Roediger na Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani vifungu vifupi kuhusu jua na fisi-maji. Baada ya dakika tano, kifungu kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa kwa asilimia 81, na kilichosomwa mara moja kisha kikaandikwa kwa kichwa, asilimia 75. Baada ya wiki, mambo yaligeuka: 42 kwa 56. Ndiyo maana mtoto wetu anatoka darasani akiamini amejua.

Naomba nieleweke: simlaumu mwalimu, wala taasisi yoyote. Vitabu ni vichache, watoto ni wengi. Mkaguzi akija anafungua madaftari, na kwa mzazi daftari lililojaa ndiyo risiti ya karo. Hata sekondari ya chini, mtaala mpya ulianza mwaka 2020, UNEB, baraza la mitihani la taifa, likawatahini wa kwanza mwaka 2024, na bado chaki inakimbia. Nimeyasema haya kwenye semina nyingine. Yaliandikwa katika muhtasari wa kikao yakaishia humo.

Mapendekezo yangu ni haya. Kila kipindi kianze kwa maswali matatu ya kipindi kilichopita, madaftari yakiwa yamefungwa. Hayagharimu hata shilingi. Noti ziwe fupi, na dakika kumi za mwisho watoto waandike wanachokumbuka, kisha ndipo wafungue na kusahihisha. Lichomekwe swali la wiki iliyopita, na la mwezi uliopita.

Mtoto aruhusiwe kueleza kwanza kwa Kiswahili, Kisomali au Luganda, Kiingereza kifuate, maana asichokielewa hakishiki.

Mzazi asiulize "Umeandika?" Aseme, "Funga, unieleze." Mama asiyesoma Kiingereza ataona mwanawe anapobabaika. Umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, ukiisha usiku, zoezi linaendelea gizani. Kisha mtoto alale: Jenkins na Dallenbach walionyesha tangu 1924 kwamba aliyelala baada ya kujifunza husahau kidogo kuliko aliyebaki macho, na prepu za alfajiri, yaani vipindi vya kujisomea kabla ya darasa, zinaula usingizi huo.

Kwa heshima zote, ofisi husika zifikirie wakaguzi wawaulize watoto wachache maswali badala ya kuhesabu kurasa. Na narudia, maana hili ndilo linalosahauliwa: madaftari yafungwe.

Ombi langu kwa walimu mliomo humu ni dogo. Jumatatu, kabla hamjashika chaki, waulizeni watoto ya Ijumaa.