Kiti cha Babu Hakina Msumari

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo wa vijiji vya Kibaha na Kisarawe)



Leo sitazungumza juu ya mbolea wala choo bora. Nitazungumza juu ya viti na vitanda. Msicheke. Nimeulizwa swali, na swali la mwanakisomo halilali njaa.

Kikundi kimoja cha vijana kimeniuliza hivi: "Tukikopa fedha za halmashauri tukafungua karakana ya useremala, tutamwuzia nani? Viti vya plastiki vimejaa kila duka." Hilo ni swali la watu wanaoogopa deni, na wana haki ya kuogopa. Basi tulitazame pamoja, wala tusilikimbilie.

Kwanza nendeni nyumbani mkatazame kitanda cha kamba cha bibi. Miguu yake inaitwa matendegu. Mbao ndefu za ubavuni ni mifumbati. Mbao fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo. Sasa tazama pale mfumbati unapokutana na tendegu. Utaona nini? Mwisho wa mfumbati umechongwa ukawa mwembamba, kama ulimi. Tendegu limetobolewa tundu. Ulimi umeingia katika tundu, ukabana. Kamba zikiwambwa zinavuta pande zote, na kitanda kinazidi kukaza. Zikilegea, unazikaza tena. Msumari hakuna hata mmoja.

Msumari una ubaya gani? Huku kwetu pwani hewa ina unyevu na chumvi, na msumari hupata kutu. Tena mbao mbichi ikikauka husinyaa. Tundu la msumari linapanuka, kiti kinaanza kucheza, na siku ya msiba mgeni anaanguka nacho. Ulimi uliochongwa vizuri kwa mbao kavu hauna shida hiyo.

Kigoda cha wazee ni ufundi mwingine kabisa. Wachongaji wa Kizaramo na Kikwere walichukua gogo moja, wakalichonga kwa tezo mpaka likawa kiti chenye miguu mitatu, wakati mwingine na kiegemeo kirefu. Hakuna kiungo, kwa hiyo hakuna cha kulegea. Kwenye kiegemeo cha kiti cha mkubwa waliweza kuchonga umbo la mwana hiti. Kina mama mnamjua: sanamu ndogo isiyo na mikono wala miguu, yenye kichwa kilichosukwa na kifua cha mwanamke, ambayo mwali alipewa alipowekwa ndani. Umbo hilohilo lilichongwa kwenye fimbo na kwenye nguzo za makaburi. Kwa hiyo kiti kilisema habari za ukoo. Sisi tunajivunia kusoma herufi, na ni vizuri. Lakini wazee wetu walisoma mbao.

Wajerumani waliotutawala kabla ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 walivitamani viti vya namna hii. Kiti kimoja cha mtemi wa Unyamwezi kipo katika jumba la makumbusho la Berlin hadi leo. Na huko Lamu, Pate na Unguja mafundi walitengeneza kiti cha enzi, kwa mpingo, wakakipamba kwa vipande vya mifupa na pembe za ndovu, na kukiwamba kwa nyuzi. Hicho kilikuwa cha matajiri. Tukiache.

Sasa twende Uingereza kidogo. Miaka ya 1800 viwanda vilienea huko. Mashine zikatoa viti vingi, vya bei rahisi, vyenye nakshi nyingi za uongo. Fundi wa zamani, aliyejua kazi tangu gogo mpaka kiti, akawa mtu wa kuvuta mkono wa mashine kutwa. Bwana mmoja, William Morris, aliyezaliwa mwaka 1834, hakupenda hali hiyo. Mwaka 1861 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya kutengeneza vyombo vya nyumbani kwa mkono. Alisema kwamba kazi lazima impe mtu furaha, na kwamba chombo cha nyumbani kiwe na manufaa au kiwe kizuri. Baadaye akawa mjamaa, akawahutubia wafanyakazi barabarani.

Kiti kilichowapatia jina hakikutoka ikulu. Kilitoka kijijini! Waliona kiti cha zamani cha jimbo la Sussex, chepesi, chenye kikalio cha nyasi za bwawani zilizosokotwa, wakakiiga. Nyasi hizo kwao ni kama ukindu kwetu. Waliuza viti hivyo kwa miaka mingi, na kampuni yenyewe ilifungwa mwaka 1940.

Huko Marekani alikuwapo Gustav Stickley. Yeye alitumia mti wa mwaloni, akaacha mapambo, akapenda mistari iliyonyooka. Ulimi wa mbao aliupitisha mpaka ukatokeza upande wa pili, ili mnunuzi auone kwa macho yake. Alikuwa na gazeti lake, lililotoka mwaka 1901 hadi 1916, na ndani yake alichapa michoro na vipimo ili msomaji ajitengenezee kiti mwenyewe. Kazi nzito za kupasua na kuranda mbao alizifanya kwa mashine. Kwa maoni yangu, hapo alikuwa na akili kuliko wenzake.

Lakini ndugu zangu, nisiwafiche. Stickley alifilisika mwaka 1915. Naye Morris alilalamika kwamba kazi zake nyingi zinanunuliwa na matajiri tu. Kazi ya mkono inakula siku, na siku ni fedha. Vijana wa kikundi wameliona tatizo lilelile.

Chukueni daftari tufanye hesabu. Hizi ni bei za mfano. Wewe weka za sokoni kwenu. Tuseme kiti cha plastiki ni shilingi 15,000 na kinadumu miaka 3. Kiti cha mninga ni shilingi 75,000 na kinadumu miaka 30. Gawanya. Plastiki inakula shilingi 5,000 kila mwaka, mninga shilingi 2,500. Mninga ni rahisi! Ndiyo, lakini mwenye 15,000 mfukoni hanunui kwa kugawanya. Ananunua kwa alichonacho.

Ndiyo maana nimewaambia vijana wasikope kwanza. Waende kwa kina mama wa upatu. Watu 10 wakitoa shilingi 7,500 kila mwezi, zinapatikana 75,000, na kila mwezi mmoja anapata kiti. Fundi ana uhakika wa oda 10, na ananunua mbao ya kiti kilichokwisha kulipiwa. Upatu ukienda vizuri mara mbili, hapo ndipo wakaombe mkopo, wakiwa na daftari la mauzo mkononi.

Liko na jambo la miti. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, hapa Kisarawe, umeliwa sana na mkaa wa Dar es Salaam. Gogo la mkongo likiwa mkaa linakwisha kwa siku chache. Likiwa kitanda linalaza wajukuu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia. Ulizeni katika mkutano mkuu wa kijiji kama wenu umetengwa. Na msikate mti bila kibali, hata kama uko karibu na shamba lako.

Ipo pia minazi mizee isiyozaa. Sehemu ya nje ya gogo la mnazi ni ngumu na inafaa kwa mbao. Ya katikati ni laini, itupe. Msumeno utachoka haraka, kwa hiyo uwe na tupa karibu. Mbao zozote zipangeni kivulini na vijiti katikati, hewa ipite. Mafundi huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Hapa ndipo wengi hushindwa kuvumilia.

Tena wanunuzi wa vitu vya kale wakija na noti zao, msiwape kigoda cha babu kabla hamjakipima. Andikeni urefu, upana, aina ya mti, na jina la aliyekichonga kama linajulikana. Chora na umbo lake. Ukikiuza baada ya hapo, angalau fundi wa kijijini ataweza kutengeneza kingine.

Mama mmoja aliniuliza kama mwanamke anaweza kujifunza useremala. Anaweza. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama kile cha Kibaha, vinapokea wanawake na wanaume, na randa haiulizi. Mwulize afisa maendeleo wa kata yako muhula unaanza lini, na uende na daftari lako la kisomo.